Kornmesser, Jina Ulilokataa Kulivaa

Mpendwa Mama Tumaini,

Usicheke. Najua ungeniona nimeshika kalamu ungesema, "Jamani, leo serikali gani imekosa katibu?" Cheka basi, lakini ukimaliza nisikilize. Niko mezani kwetu hapa Rosettenville, Johannesburg, kwenye kile kiti chenye mguu mfupi ulichokuwa ukikiwekea kipande cha boksi. Chai imepoa, na nakuandikia hadharani, anayetaka kusoma asome, kwa sababu unanijua: siri kwangu haikai, ni maji kwenye ungo.

Habari yenyewe naitoa kwanza, maana hukupenda hadithi zinazozunguka jengo zima kabla ya kuingia mlangoni. Nimeujua ukweli wa jina langu. Hili la Kijerumani, Kornmesser, ulilolikataa siku ya ndoa yetu mbele ya pasta na kanisa zima, ukaahidi kwamba utalivaa siku nitakayokuambia ukweli wake. Nimeupata, Masengo. Umechelewa, kama vitu vyangu vyote, lakini umefika.

Unakumbuka getini? Mimi siku ile naikumbuka kuliko siku niliyobatizwa, na kusema kweli ubatizoni nilikuwa nimelala. Nilikuwa mlinzi wa lile jengo la ofisi, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo yake inaweza kukata mkate, na kifuani kibati cha jina. Wewe ulikuwa umetoka Lubumbashi si muda mrefu, unakaa Berea kwenye chumba cha watu wengi kilichogawanywa kwa mapazia. Dada mmoja wa chumba hicho alikuambia, "Nenda pale, muulize Kornmesser, atakuonyesha wenye kazi ya usafi." Ukaja. Ukasimama ng'ambo ya barabara, karibu na roboti, kama huku wanavyoziita taa za barabarani, na kila taa ilipogeuka nyekundu ukawa unachungulia wazungu waliomo ndani ya magari. Nilikuona tangu mwanzo. Mwanamke mwenye kitenge cha tausi hawezi kujificha Johannesburg.

Hatimaye nikakuita. "Dada, unatafuta nani?"

"Niko natafuta Monsieur Kornmesser."

"Umempata."

"Papa, hapana kunicheka. Niko natafuta muzungu."

"Ndiye mimi. Leo nimeungua na jua kidogo."

Ulisoma kibati, ukanitazama usoni, ukakisoma tena. Halafu ukacheka, Mama Tumaini, ukacheka mpaka ukashika nguzo ya geti. Na mimi, mtu niliyepita Lusaka, Harare na Beira, niliyekula ugali wa nchi ambazo watu wa kwetu wanaziona kwenye ramani tu, nikajua safari yangu imeishia hapo. Kazi ya usafi uliikosa. Mume ulimpata. Tangu siku hiyo nikawa muzungu wako wa getini, hata mbele ya wageni, hata mbele ya shemeji zangu waliokuja na suti.

Jina lile lilikuwa limenilea vibaya. Mtu wa darasa la saba, niliyeiacha shule ikiwa bado inanipenda, natajwa kwenye simu kama mwenye shamba la zabibu! Watu wa benki wakinipigia walinianzia Kiafrikana, "meneer" hapa, "meneer" pale, yaani bwana mkubwa, mpaka nifungue mdomo. Basi nikalitafutia jina asili inayolingana na shati. Kwa vijana wa saluni ya Hillbrow, mwenye jina alikuwa jenerali. Kwa mwenye nyumba wetu, yule mama Mreno, alikuwa mtoto wa mfalme aliyeukimbia ufalme kwa ajili ya mapenzi, na yule mama akafutia machozi yake kwenye bega langu. Kwa bosi wangu alikuwa fundi wa saa, ili akiniona nimewahi kazini aseme ni damu. Wewe ulikuwa umekaa pembeni unachambua maharage, husemi kitu, unakusanya.

Ulichokusanya ukakimwaga kanisani. Pasta alipouliza utaitwa nani baada ya ndoa, ukasafisha koo.

"Pasta, jina ya huyu bwana iko na baba wengi. Kila mutu amepewa wake. Siku atasema ule wa kweli, nitaivaa. Kwa sasa niko Masengo."

Kanisa lilianguka kwa kicheko. Kuna bibi mmoja Mrundi alipiga vigelegele kabla ya wakati. Pasta akanigeukia, "Ndugu Yona, unasemaje?"

"Pasta," nikasema, "nimeoa hakimu."

Nilicheka kuliko wote, lakini ndani ilinigusa mahali, kwa sababu kulikuwa na jambo hukulijua: huyo baba wa kweli wa jina sikuwa naye. Babu, aliyelibeba kwanza, alifariki kabla sijazaliwa. Na baba yangu, mzee Amani, ukimuuliza aliangalia milima ya Usambara akasema, "Ni jina la Mjerumani wa misheni," kisha akaomba maji ya kunywa. Mbele ya hapo palikuwa ukuta.

Tulipohamia huku Rosettenville ukafungua ile spaza, kiduka chako cha dirishani. Maharage, unga wa muhogo, dagaa, kisamvu mnachokiita sombe, na lile kopo lako la bati ulilokuja nalo toka kwenu, mnaloliita meka. Liko pale juu ya kabati, nalitazama ninapoandika. Ulijaza mpaka pomoni, ukapandisha kilele mpaka punje zikaanza kuteremka, halafu, kana kwamba hiyo haitoshi, ukachota kwa kiganja: "Hii ya mutoto." Hata kwa wasio na mtoto! Hata kwa yule babu kapera wa jirani, aliyekuwa akijibu, "Asante, nitampelekea." Bibi wa Kizulu akifika alidai, "Basela, mama!" Wakongo walidai, "Matabishi!" Sisi wa Tanzania, "Nyongeza, shemeji, usitusahau." Maneno matatu, kiganja kimoja.

Mimi nikajifanya mtu wa biashara. "Mama Tumaini, pitisha mkono juu ya kopo, sawazisha. Kopo ni kopo. Utatufilisi."

Ulinijibu bila kugeuka. "Kopo ilitengenezwa na kiwanda. Mukono ulitengenezwa na Mungu."

Nikanyamaza. Mimi! Majirani wangelipa kiingilio kuja kuona.

Halafu ukaugua. Sitaandika sana juu ya wodi ile, ulikuwemo, unaijua. Nataka mchana mmoja tu, jua limeingia dirishani mpaka kwenye shuka, na mimi nakupigia stori ya jenerali ili ucheke. Ukanishika kidole.

"Yona."

Hukuwa na kawaida ya kuniita Yona. Nikajua kuna neno.

"Acha jenerali apumuzike. Ile jina, ni ya nani?"

Nikasema, "Sijui."

Ukatabasamu, macho yamefumbwa nusu. "Ona sasa. Hiyo ni ya kwanza ya kweli." Kisha ukaongeza, kama mtu anayeagiza chumvi dukani: "Ulizia."

Nikasema nitaulizia. Jiwe lako makaburini limeandikwa Masengo peke yake, kama ulivyotaka. Kila ninapokuja kufagia majani naiona ile nafasi iliyobaki chini ya jina, nayo inaniangalia kama wewe ulivyokuwa ukiniangalia nikirudi nyumbani bila mkate.

Sasa nikwambie ya mwanao.

Alikuja Jumapili moja, tumbo limemtangulia. Ndiyo, tumbo. Mchumba wake anaitwa Themba, kijana wa Durban, mpole, ungempenda: anakula bila kubembelezwa na anaosha sahani bila kutangaza. Tumaini bado ni yule yule, tunaongea Kiswahili anajibu Kiingereza, kama mtu anayepokea zawadi kwa mkono wa kushoto. Lakini siku hiyo alijikaza kwa Kiswahili, nikajua jambo ni zito.

"Baba, nataka kubadilisha jina la mwisho. Kabla mtoto hajakuja."

"Kwa nini, limechakaa?"

"Eish, Baba. Nikienda kuomba kazi wanatoka mpaka mapokezi kutafuta msichana mzungu. Mimi nimekaa pale pale. Ile sura yao wakiniona… Wewe ulifanya ni kichekesho. Mimi nimechoka."

Unajua mimi majibu ya haraka nauza jumla na rejareja, lakini hakunipa nafasi. Akaendelea. "Na kwa mila ya kwenu, hili jina lilitakiwa kuisha na wewe."

Hapo alinipata. Kwetu mtu hubeba jina lake, la baba yake na la babu yake, basi. Mimi ni Yona wa Amani wa Kornmesser. Mwanangu angekuwa Tumaini Yona Amani, na Kornmesser angebaki nyuma, kama mzee anayesindikiza wageni mpaka mwisho wa uwanja halafu anarudi ndani. Ndivyo majina yetu yanavyoondoka, kwa adabu, bila kupiga kelele. Lakini mimi nilivuka mipaka, na huku jina la mwisho ndilo la ukoo, halisogei. Pasipoti ikaligandisha. Mtoto akazaliwa Johannesburg, akavishwa jina la mzee ambaye hakutakiwa kumfikia.

"Nataka kuwa Tumaini Amani," akasema.

Jina la baba yangu! Angechagua la mcheza mpira tungegombana vizuri. Nitamkataliaje mtoto anayetaka kumrithi baba yangu? Lakini niliona jina likiondoka kabla sijajua lilikuwa la nani, na wewe hujaambiwa.

Nikamwambia, "Nipe muda kidogo. Mama yako aliniachia kazi. Alisema niulizie."

"Mama?" Hakuwa anajua. Nikamsimulia ya wodini, mpaka neno la mwisho. Akafuta uso kwa mkono wa sweta, akatoa simu.

Kuna tovuti, unaandika jina unaletewa ramani yenye vitone. "Baba, njoo uone." Ujerumani vilikuwepo vitone, vichache, vimetawanyika kama punje zilizodondoka njiani kutoka sokoni. Marekani kidogo. Akasoma, akanitafsiria: jina hili ni adimu. Ee! Mtu mwingine akiambiwa ni adimu anauliza kuna dawa gani. Mimi nilisimama nikakaza mkanda. "Umesikia? Baba yako ni adimu."

"Subiri, Baba. Angalia huku." Akashusha kidole mpaka Afrika. Tanzania, hakuna hata kitone. Afrika Kusini, hakuna. Kwa ramani ile mimi na yeye hatupo. Nikasema ramani hiyo ije getini isome kifua changu.

"Na maana yake?" nikauliza. "Soma polepole. Ikiwa ni jenerali, simama."

Hakusimama. Akasoma kwamba zamani, kwenye miji ya Wajerumani, kulikuwa na mtu aliyewekwa sokoni kupima nafaka kwa chombo cha mji, ili muuzaji asimpunje mnunuzi. Anajaza, anapitisha kijiti juu, anasawazisha. Kazi hiyo ndiyo iliyogeuka kuwa jina. Kornmesser ni mpima nafaka.

Tulitazamana. Halafu wote wawili, bila kupangana, tukageuka kuangalia juu ya kabati, liliko kopo lako.

Jenerali alifariki hapo hapo, Mama Tumaini, na mtoto wa mfalme, na fundi saa. Misiba mitatu kwa mpigo na sikumlilia hata mmoja. Nililia kwa jambo jingine. Maisha yote mimi nililivaa jina kifuani, na kazi ya jina ulikuwa unaifanya wewe dirishani. Tena ulimzidi mwenyewe, maana Mjerumani alipewa kijiti cha kuondoa kilele, na wewe ulipewa kiganja cha kukipandisha.

Lakini wewe hukuniuliza maana. Uliniuliza ni la nani. Nikampigia shangazi Rebeka, dada wa baba, aliyebaki peke yake kule Lushoto.

"Yona! Na mvi hizo ndio unauliza leo? Ulifikiri nitakusubiri mpaka Yesu arudi?"

"Shangazi, nisamehe, niambie tu. Huyo bwana Mjerumani alikuwa nani?"

"Bwana gani?" akasema. "Alikuwa mwanamke."

Kaa chini, kama huko mnakaa. Alikuwa nesi wa misheni, bibi asiyeolewa, mkunga. Mama yake babu alishikwa na uchungu mvua imekata njia, mtoto amekaa vibaya tumboni, na watu wameshaanza kunong'ona. Yule nesi akateremka mlima kwa miguu kwenye utelezi, viatu akavishika mkononi, akaingia, akakaa naye mpaka mtoto akatoka mzima. Kwetu aliyempokea mtoto ana haki mtoto aitwe kwa jina lake. Nesi akakataa katakata. Akasema lile si jina la mtoto, ni la ukoo wa baba yake yeye nesi, mwiteni Yohana. Hapo shangazi akabadilisha sauti, akawa bibi yake kabisa, yule mama wa babu, mzazi aliyechoka na asiyeshauriwa:

"Yohana hakuwepo. Wewe ulikuwepo."

Basi, Masengo. Ukweli ndio huo, wote. Hakuna ufalme, hakuna upanga. Kuna mwanamke aliyekuwepo.

"Na hakuzaa yule bibi," shangazi akamalizia. "Alisema kwao amebaki yeye tu. Alikuwa akipita, anasimama kumwangalia babu yako akicheza kwenye vumbi, anamwita kwa jina lake mwenyewe, halafu anacheka peke yake."

Nilimweleza Tumaini yote, neno kwa neno. Nikamwambia ukitaka Amani chukua Amani, una baraka yangu, na nilimaanisha. Kisha nikafunga mdomo na kumwachia aamue, kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya katika mji huu.

Uchungu ulimshika asubuhi, Themba akiwa njiani kutoka Durban. Nikampeleka mimi. Tulipofika chumba cha kuzalia nikataka kubaki nje, kama mwanamume wa kwetu, na tena mlangoni ndiko niliko na uzoefu. Tumaini akanikamata shati.

"Baba, usiniache."

Nesi, mama wa Kizulu mwenye sauti ya kuamuru, akanikagua. "Mzee, ingia au toka. Usizibe mlango." Kauli yangu mwenyewe ya getini, leo nimerudishiwa! Nikaingia. Nilisimama upande wa kichwa chake, macho dirishani, mkono wangu ndani ya wake, akauminya mpaka nikaimba nyimbo za shule ya Jumapili. Na kila uchungu ulipopanda alikuwa anaita. Hakuniita mimi niliyekuwepo, wala Themba. Alikuita wewe, kwa Kiswahili kile nilichodhani amekiacha utotoni: "Mama, njoo. Mama, njoo."

Ni msichana. Ana paji lako la uso na tayari ana hasira ya njaa kama ya upande wangu. Nesi akaja na swali la jina. Kwa mila za akina Themba mtoto hukaa upande wa mama mpaka wazee wa pande zote wamalize mazungumzo yao ya mahari, kwa hiyo Themba alishasema Tumaini achague. Mimi nikainama kufunga kamba ya kiatu. Kiatu chenyewe hakina kamba.

"Masengo," nikamsikia akisema.

"Na la ukoo?"

Akamfunika mtoto miguu.

"Kornmesser."

Nesi akaacha kuandika. "Hilo si la wazungu, mwanangu?"

"Hapana," akasema Tumaini. "Ni la nesi."

Yule mama alicheka bila kujua anacheka nini, akaandika. Na mwanao akanigeukia, jasho bado liko usoni, akaniambia kwa Kiswahili, taratibu, kama anayebeba kitu kilichojaa asije akakimwaga: "Mama alikuwepo, Baba. Nilimwita, akawepo."

Kwa hiyo umelivaa. Liko kwenye karatasi na lina mhuri: Masengo Kornmesser. Ulisema siku nitakayoleta ukweli, na mimi nimeleta, na wewe hujawahi kuvunja neno. Ramani ile ikitaka iongeze kitone Johannesburg, isipotaka iache. Hapa kwetu tupo, na mmoja wetu analia kwa sauti ambayo Ujerumani lazima wanaisikia.

Jumapili nitakuletea umwone. Jiwe lako sitaligusa, libaki kama ulivyotaka, ile nafasi chini ya jina haiulizi tena. Nitakuja pia na meka lako, nimelijaza mtama kwa ajili ya ndege wa pale, pomoni, na kiganja kimoja juu yake. Hii ya mutoto.

Na huko uliko, msalimie mkunga mmoja kwa niaba yangu. Mwambie hakuwa wa mwisho. Uliza tu Kornmesser, watakuonyesha, na safari hii, mke wangu, usinitafute mimi. Tafuta mzungu.

Lala vizuri, nami nipo mlangoni,

Muzungu wako wa getini,
Baba Tumaini